Siku Niliyoisusia Bima

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka natamani kujificha chini ya meza. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, tunaishi Langley Park huku Marekani, na hoteli niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa imenipunguza. Wakaniambia naweza kuendelea na bima ya afya ya familia ileile niliyokuwa nayo kazini, ila sasa nijilipie mwenyewe, nami kwa hasira nikasusa. Nikamtangazia mke wangu, Mama Neema, kwamba nyumbani kwangu hakuna atakayekula makombo ya watu walionifukuza, baba mwenye nyumba nimeshaamua. Hakubisha (hapo ndipo nilipopaswa kushtuka).

Wiki chache baadaye Watanzania na Wakenya tukakutana kuchoma nyama Wheaton, na kama kawaida ikachezwa mechi ya waliooa na makapera. Nilikuwa nimeshawasimulia wanaume wote, ubavu wa mbuzi mkononi, jinsi nilivyowakomesha wale wa hotelini, basi nikaona niwakomeshe na makapera, nikaingia uwanjani na viatu vya kanisani na kitambi changu, nikaukimbilia mpira, nikaachia shuti la nguvu zote, na mpira wenyewe sikuugusa. Nilipiga ardhi. Nikaanguka mbele ya kina mama na sahani zao.

Kifundo cha mguu kikavimba hapohapo. Jirani yetu Kamau, ambaye ni nesi, akakibonyeza (nikapiga yowe, sitaficha) akasema, "Buda, hii si ya kuwekea barafu. Twende hosi, daktari auone mguu." Nikajikaza, nikasema niko sawa, nikajaribu kusimama, maumivu yakanifanya nitoboe siri.

"Hatuna bima," nikasema. "Familia nzima."

Mama Neema alikuwa anamnawisha mtoto mikono, wala hakugeuka.

"Baba Neema, usituhesabu. Mimi na watoto tunayo. Niliwapigia watu wa bima, wakasema kila mmoja ana haki ya kujiamulia. Wewe ulisusa, nikakuheshimu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu mwanetu Neema ana pumu, na katika kususa kwangu kote sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko mguu.

Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama mimi bado naweza kuingia kwenye hiyo bima.

"Muda wa kuamua haujaisha, na ukilipia wanaihesabu tangu siku ulipopunguzwa," akasema. "Lakini uniombe vizuri."

Nikamwomba, chali kwenye majani, makapera wamenizunguka. Siku hizi nikikasirika nasusa chakula tu, na hata hicho nahakikisha kwanza nimeshaonja.