Uso wa Kujaribia Poda

Nikimwona msichana dukani anajipaka poda nyuma ya kiganja kisha anaunyosha mkono kuutazama, siwezi kunyamaza. Humwambia, mwanangu, hapo si uso. Jipake hapa chini ya taya, toka nje ujitazame kwenye mwanga, na usitoe pesa mpaka umetoka jasho. Wengine hushukuru. Wengine hunikata jicho, kibibi huyu na poda wapi na wapi. Wakasirike. Elimu hiyo dada yangu aliilipia, na laiti nisingelazimika kuijua.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, bado nasoma, na dada alinizidi miaka sita. Baba alikuwa ameshafariki. Tulikaa watatu, mama, dada na mimi, katika nyumba ya mawe Mji wa Kale, kuta nene na madirisha membamba, nyumba ambayo saa saba mchana ukiingia ndani yake ungedhani magharibi imekaribia. Mwanga wa kweli ulikuwa uani tu, na kwenye dirisha moja la ghorofani. Hapo ndipo dada alipokaa kushona kofia za vito, zile za vitundu vinavyozungushiwa uzi wa hariri. Kofia moja ilimchukua mwezi na zaidi, na ndizo zilizotulisha.

Mbalanga ilimwanzia pembeni mwa mdomo, doa jeupe dogo kama dengu. Tulidhani ni chunusi iliyopona vibaya. Likapanda shavuni, likafika chini ya jicho la kushoto. Halikumuuma, na ngozi ilikuwa laini vilevile, ila rangi ilikuwa imehama. Mama alimpeleka hospitali akapewa dawa ya kupaka. Akampeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji, akalinywa siku saba. Akasuguliwa majani ambayo majina yake nimeyasahau. Doa halikumsikiliza mtu.

Kabla ya hapo hakukuwa na arusi mtaani isiyomwita dada. Alikuwa mcheshi, fundi wa kuwaigiza watu, na sauti yake ya vigelegele ilijulikana nyumba tatu mbali. Sasa akaacha. Barabarani angeweza kujifunika uso kwa buibui, lakini arusini wanawake huvua mabuibui, na huko ndiko kwenye macho. Miezi minane hakuuvuka mlango.

Basi mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye mwanawe alikuwa karani bandarini, akanunua kofia ya dada. Akaigeuza nje na ndani, akauliza mkono huu ni wa nani. Akaambiwa ni wa binti fulani, mtulivu, hajaolewa. Hakuwahi kumwona tangu utotoni. Akatuma salamu kwamba maulidi yakishapita atakuja na nduguye kutuzuru. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa ziara hiyo ilikuwa ya nini.

Mama alitaka waambiwe mapema, kabla hawajavaa viatu vya kuja kwetu. Ugonjwa ule ni katika aibu ambazo vitabu vya ndoa vimezitaja: mume akiukuta na hakuambiwa, ana haki ya kuivunja ndoa. Mama alilijua hilo tangu chuoni. Dada naye alilijua.

"Mama, sitaki kumuibia mtu," alisema. "Kabla ya posa waambie yote. Lakini nataka wanione miye kwanza, ndipo waone doa. Nipe alasiri moja tu."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," mama akamjibu. Lakini aliyasema hayo akitazama pembeni, na kesho yake akatoa pesa ya kofia iliyokuwa imeuzwa juzi, akanipa mimi.

Nilipewa mimi kwa sababu dada hakutoka, na kwa sababu tulifanana. Majirani walituita pacha waliopishana. Rangi itakayonikaa mimi itamkaa yeye, ndivyo tulivyokata shauri, na hakuna aliyeliona kosa lililokuwa ndani yake. Nilifurahi. Nilijiona mtu mkubwa, ninayeaminiwa.

Tulianza na kilichokuwamo nyumbani. Nilimsugulia liwa, ule mti wa kunukia, juu ya jiwe lake, nikampaka. Ilipokuwa mbichi tulitazamana tukapata tamaa. Ilipokauka ikapasuka kama chokaa ya ukuta, na alipotabasamu ikadondoka kwenye kofia.

Nikaenda Biashara Street, duka moja lililouza vitambaa mbele na vipodozi nyuma. Mwenye duka alinifungulia kopo zuri, mfuniko wa dhahabu, ndani yake poda ya rangi ya waridi. Nikajipaka nyuma ya kiganja chini ya taa. Akasema imenikubali. Mtoto wa miaka kumi na mitano akiambiwa na mtu mzima kitu kimemkubali, anaamini. Nililipa nikatoka mbio.

Nyumbani nikajipaka usoni, na uani mama akaniambia nanukia vizuri, lakini nimekuwa kama niliyeangukia pipa la unga. Tukampaka dada. Ajabu ni kwamba lile doa lilipotea kabisa, hukuweza kusema lilianzia wapi. Ila sasa uso uliobaki ndio uliokuwa mgeni, umeparara, na shingo chini yake kahawia. Dada aliitazama shingo yake kwenye kioo, akaanza kucheka, akamwigiza bibi wa Kizungu anayenunua embe. Tulicheka naye. Kisha akanawa. Mama, ambaye hajapata kutupa kitu maishani mwake, alilifunga kopo lile kwenye kitambaa akalitia sandukuni. "Mwezi mzima wa mato ya mwanangu kwenye sindano huo," alisema. Nilitamani ardhi inimeze.

Mara ya pili dada hakutaka kubahatisha. Alitoa nyuzi zake zote za hariri, za kahawia na za manjano, akaziweka shavuni kwangu mmoja mmoja pale dirishani. Mtu anayetofautisha kahawia kumi huwezi kumdanganya kwa rangi. Akachagua uzi, akaukata, akanifunga kidoleni. "Nenda na huu. Usimsikilize mtu, sikiliza uzi." Nilizunguka nao maduka siku tatu baada ya shule. Mwishowe niliipata, poda ngumu iliyoshindiliwa kikoponi, ya kupakwa kwa sifongo iliyoloweshwa. Niliweka uzi juu yake, na uzi ukapotea.

Mimi ilinikaa vizuri mno. Kwake yeye ilikuwa tope. Tulisimama uani, mashavu yetu yakikaribia kugusana mbele ya kioo kimoja, na hapo ndipo tulipoona. Mimi nilikuwa nikitembea juani kwenda shule na kurudi kila siku. Yeye jua hakulipata miezi minane. Tulikuwa hatufanani tena, na hakuna aliyekuwa ametambua. Dada hakuigiza mtu mara hii. Alirudi kwenye kofia yake, na mimi nikaenda kulia jikoni, moshi ukawa kisingizio.

Zilibaki siku nne kabla ya ziara. Pesa hakuna. Nilirudi kwenye lile duka la kwanza kwa hasira tu, nilitaka kumrudishia mwenye duka maneno yake. Hakuwapo. Alikuwapo mkewe, mama wa Kihindi mnene mwenye pini puani, amekaa juu ya jora. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akanishika kidevu, akanitoa barazani kwenye mwanga.

"Si wewe anayetaka," alisema. "Nani?"

Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu nje ya nyumba yetu, na nilimwambia yeye ambaye hata jina langu hakulijua. Aliingia ndani akatoka na sinia ya poda zilizovunjika njiani, vipande vya kila rangi ambavyo havinunuliki. Akanichagulia viwili, kimoja kama tangawizi kavu, kimoja kama kahawa. Akanitoza kidogo sana. Akanifundisha yote: niviponde mbali mbali, nichekeche, nichanganye kidogo kidogo, usoni yatangulie mafuta kiasi cha tone, yaachwe yanywewe, poda nidonoe kwa kidole, nisisugue, kisha nifute nusu ya nilichopaka. "Ukiiona poda, umezidisha," alisema. "Mwenyewe ajaribu chini ya taya, na wewe usijaribu usoni kwako. Jaribu hapa." Akanigusa upande wa ndani wa mkono, juu karibu na kwapa, pasipofika jua.

Nilivitwanga kwenye kinu cha iliki, nikachekecha kwa kipande cha kitambaa cha bafta kilichobakia kwenye kofia. Nilichanganya siku mbili. Asubuhi ya siku yenyewe nilimpaka dada uani, na nilipofuta ile nusu, doa halikuwapo. Haikuonekana poda wala mafuta, ulionekana uso tu. Mama alikuja na sufuria mkononi akasimama. Dada alijitazama kiooni kwa muda mrefu.

"Nilikuwa hivi," alisema.

Wageni walikuja baada ya alasiri. Mama wa karani alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na nduguye alikuja nyuma yake. Wakapewa kahawa na visheti. Dada alileta bilauri za maji, akaamkia, akakaa. Wakamuuliza mambo ya kofia, akajibu, na taratibu yule dada wa zamani akaanza kurudi. Akawaigizia fundi mmoja anayekadiria vichwa vya watu kwa jicho. Mama wa karani alicheka mpaka akajipangusa machozi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Moyoni nilikwisha kumwozesha.

Mama wa karani akasema, "Ndoo hapa dirishani, mwanangu, nikutazame. Mato yangu ya kizee haya."

Dada akasogea. Yule mama akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga kulia, akamgeuza kushoto. Hakuona kitu.

"Mashaalla," akamwambia nduguye. "Tazama, huyu hakujipaka kitu. Wasichana wa siku hizi hujipaka hata mama zao wasiwajue. Uso wa kweli ndo huu."

Kama angesema binti mzuri, ingepita. Kama angesema amejipaka kidogo na imempendeza, ingepita. Dada alishusha macho. Akachukua ncha ya leso yake, akaichovya kwenye bilauri iliyokuwa mbele ya mgeni, akajifuta shavu. Mara moja, mara mbili, mpaka doa likaonekana.

"Mama, niwie radhi," alisema. "Nimejipaka."

Hawakumtukana. Ningeshukuru wangemtukana. Mama wa karani aliliangalia doa, akamwachia kidevu polepole kama mtu anayeweka chombo cha watu mezani, akasema, "Kazi ya Mola haina makosa, mwanangu." Akamaliza kahawa yake. Akavisifu visheti, akauliza vimetiwa iliki kiasi gani, na mama akamweleza kwa utaratibu wote. Wakaaga vizuri. Bilauri haikunywewa. Hawakurudi.

Nilimkasirikia dada wiki nzima. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia kazi yangu yote ameifuta kwa ncha ya leso, na kwamba makubaliano yalikuwa mama aseme baadaye, sio yeye, sio pale.

"Nilitaka wanione miye," alinijibu, sindano haijasimama. "Walimsifu mwengine."

Miezi mitatu baadaye karani alioa binti wa Makupa. Kofia yake ya arusi ilishonwa na dada yangu, maana mkono wake bado ulikuwa wa kwanza mjini. Alishona vizuri kuliko alivyowahi kushona. Nilimwombea akosee hata tundu moja, na hakukosea.

Ile poda yangu aliitia katika kibweta akanipa. Miaka minne baadaye alinipaka yeye mwenyewe siku ya arusi yangu, nami nimewekwa ndani miezi bila jua, akadonoa, akafuta nusu. Wanawake wote walisema bibi arusi hakujipaka kitu. Dada alikuwa amekaa nyuma ya mlango, amejifunika, akisikiliza.

Doa halikusimama. Lilivuka pua, likashuka shingoni, likatokea mikononi kwenye vidole vile vya kofia. Kila nilipokwenda kumwamkia mama nilikuta kahawia imepungua. Kabla ya muongo ule kwisha kilibaki kipande karibu na sikio, kisha hata hicho kikaondoka. Akawa mweupe mwili mzima, rangi moja, na nje jua likimuunguza.

Siku moja nilimkuta chumbani, sanduku la mama liko wazi. Mkononi ana kile kikopo cha mfuniko wa dhahabu. Poda ilikuwa haijaharibika, na harufu ilikuwa ileile. Alikuwa amejipaka chini ya taya, kama nilivyofundishwa na kumfundisha.

"Ndoo unitazame uani," alisema.

Nikamtoa kwenye mwanga. Nilimshika kidevu, nikamgeuza kulia, nikamgeuza kushoto. Nilitafuta poda ilipoishia na ngozi ilipoanzia, nikatafuta tena, maana nilitaka sana kuuona mpaka wake.

"Imenikaa?"

"Imekukaa, dada."

"Mwambie mama," alisema, akilifunika kopo. "Pesa yake haikwenda bure."