Mama na Nyumba ya Mlimani

Mama alipotoka Uvira kuja kuishi nasi ugenini, Umbilo, macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga tu. Alitambua dirisha limefunguliwa, lakini uso wangu hakuuona tena. Kila nilipomwambia tutoke, jibu lilikuwa moja: "Nitaenda kuona nini, mwanangu? Mimi nikae tu."

Jumamosi moja sikumuuliza. Nilimvalisha kitenge chake cha kanisani, tukapanda teksi hadi kwenye nyumba ya zamani juu ya mlima, iliyojengwa na tajiri wa mashamba ya miwa. Siku hizi watu huruhusiwa kuitembelea. Kila mara nilipoipita nikienda saluni ninakofanya kazi, nilitamani kuingia.

Mwongoza wageni alikuwa mama wa Kizulu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alituonya mapema kwamba vitu vyote vilikuwa vya kutazamwa, si vya kuguswa. Nikamtafsiria Mama. Akacheka kidogo, akasema, "Basi mimi nimefika bure."

Yule mama akataka kujua amesema nini. Nilipomweleza, alimtazama Mama machoni, kisha akamshika mkono. "Njoo, Gogo," akasema, kama anavyoitwa bibi kwa Kizulu. Akauweka mkono wa Mama kwenye mbao ya kushikilia ya ngazi.

Sikuwahi kuona mbao kama ile. Ilipanda kwa kujipinda, nyeusi, laini kama jiwe la mtoni. Mama alipanda polepole, kiganja kikiteleza juu yake, na kila alipokuta maua yaliyochongwa alisimama na kuyafuata kwa kidole. "Huyu fundi alikuwa na uvumilivu," akasema. Tulipofika juu alishika mapazia mazito, marumaru baridi ya meko, na kiti ambacho hakuna aliyekikalia kwa miaka mingi.

Jikoni, yule mama alimwonyesha safu ya kengele ukutani, kila chumba na kengele yake, za kuwaita watumishi. Aliigonga moja kwa ukucha. Mama alisikiliza mpaka mlio ulipokwisha.

"Waliokuwa wanaitwa walilala wapi?" akauliza.

Yule mama alitupeleka uani, kwenye vyumba vidogo vyenye dari la chini. Mama akagusa kuta zake pia, kwa utulivu uleule. "Hata hapa wamejenga vizuri," akasema, "ila joto iko nyingi."

Nilidhani amechoka, lakini alikataa kurudi nyumbani. Tukaenda hadi Bluff, kwenye hifadhi ndogo yenye msitu na bwawa. Kando ya maji kuna kibanda cha mbao ambamo watu hukaa kimya kutazama ndege kupitia tundu refu. Tuliketi kwenye benchi karibu na mzee mmoja mwenye darubini. Matete yalikuwa yanasuguana kwa upepo. Mara ikasikika sauti kutoka mitini, kilio kirefu cha kulalamika.

Mama alinishika goti. "Nani ameacha mtoto juu ya mti?"

Nilimweleza mzee. Mabega yake yakatikisika kwa kicheko alichokizuia, akasema ni hondohondo, ndege mkubwa mweusi mwenye mdomo kama pembe. Akaushika mkono wa Mama, akauchora mdomo ule kwenye kiganja chake kwa kidole, toka kifundo cha mkono hadi ncha za vidole.

"Wote huo mdomo?" Mama akauliza. Nilipomwambia ndiyo, alibaki ameshika kiganja chake mwenyewe.

Jioni hiyo alimpigia simu dada yake Uvira. Nilikuwa napika ugali, nikamsikia akisema ameiona nyumba moja, ngazi zake hazina mwisho, hata mfalme angepumzika katikati. Dada yake sijui aliuliza nini kule, kwa sababu Mama alijibu kwa sauti ya mtu aliyesafiri sana: "Wewe hauwezi kuelewa. Ile nyumba lazima uende mwenyewe."