Mifuko Niliyoificha Kibanjani kwa Bibi

Nakumbuka, mwanangu, jioni niliyorudi kutoka gulioni Rubwera nikiwa nimening'iniza mifuko mitatu ya nailoni kwenye usukani wa baiskeli. Mmoja ulikuwa na sukari, mwingine nyama, wa tatu sabuni na viberiti. Upepo ukiipiga inalia, nami nakanyaga pedali polepole makusudi, ili watu wa kijiji chetu cha Songambele waisikie. Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, wilaya yetu ya Kyerwa bado ilikuwa sehemu ya Karagwe, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini mwenye kichwa kigumu. Mke wangu atakuambia hakijalainika sana.

Kabla ya mifuko ile tulikuwa na vyetu. Nyama ilifungwa kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni, likazungushiwa ebyai, zile kamba za magome makavu ya mgomba. Chumvi ilifungwa kwa karatasi. Mafuta ya taa uliyafuata na chupa yako, na kama umeisahau, unarudi nyumbani kuifuata. Hakuna aliyeona kwamba anateseka.

Nilikuwa nakaa na Bibi, mama yake baba yangu. Babu alipofariki nilipelekwa kwake nimlimie na kumchotea maji. Yeye aliniita mume wake, kama bibi zetu wanavyotutania, na nikichelewa kurudi alinigombeza kwa wivu wa uongo mpaka majirani wakacheka.

Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo acha nikueleze kibanja ni nini. Ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kahawa chini yake, maharage chini ya kahawa. Kwetu hapakuwa na jalala. Kibanja ndicho kilichokula kila kitu: maganda ya ndizi, majivu, mabua, samadi ya mbuzi, hata lile jani lililofungia nyama. Ulichotupa kabla ya masika, baada ya masika ni udongo. Basi mikono yetu ilizoea hivyo tangu utotoni, ukimaliza na kitu unakirusha kibanjani. Nailoni ilipokuja tukairusha vilevile.

Na kibanja ndicho kilichotupokea mwishoni. Babu alizikwa humo, nyuma ya nyumba, na ubavuni kwake Bibi alikuwa ameacha nafasi yake mwenyewe. Hakupanda kitu pale wala hakumruhusu mtu kulima. Akipita na mzigo wake wa nyasi alisema anakwenda kukagua chumba chake.

Asubuhi moja alikuwa anatandaza nyasi chini ya migomba, akaniita.

"Mume wangu, njoo hapa!"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Ni mfuko, Bibi."

"Mfuko naujua. Nauliza unafanya nini humu."

Nikamwambia utaoza tu. Alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa cha furaha.

"Tangu masika yaliyopita nauona hapahapa. Jani tulilolitupa siku ile liko wapi? Mgomba umeshalila, na wewe umeshaila ndizi yake. Huu umebeba sukari kutoka Rubwera hadi mlangoni, kazi ya saa moja, sasa unataka kukaa kwangu milele. Ni mgeni gani huyo?" Akanitazama. "Iokote yote, mrudishie mwenye duka. Na ukienda tena gulioni, chukua kikapu changu."

Kikapu! Nipite na kikapu cha ukindu mbele ya wasichana wa Rubwera, mimi na baiskeli yangu? Niliitikia, "Sawa, Bibi," nikaiokota mifuko yote kibanja kizima. Kuirudisha dukani niliona aibu, na kubeba kikapu niliona aibu zaidi. Nikaisokomeza ndani ya mfuko mmoja, nikaufunga fundo la nguvu, kisha nikatafuta mahali ambapo jembe la Bibi halifiki. Palikuwa na mahali pamoja tu. Nikachimba ubavuni kwa Babu, nikafukia, nikatandaza nyasi juu.

"Nimeirudisha, Bibi," nilimwambia jioni.

Akaniombea baraka, mwanangu. Aliweka mkono wake kichwani pangu akasema Mungu anipe watoto wanaosikia. Mpaka leo nikiukumbuka ule mkono naona haya.

Uongo wa kwanza ndio mgumu, unaofuata huja wenyewe. Kila baada ya gulio nilikuwa na kifurushi changu cha kufukia. Bibi aliona kibanja ni kisafi, akawasifia majirani kwamba mume wake amepata akili. Nilikwenda hivyo karibu miaka miwili.

Wakati wa mvua za vuli Bibi aliugua kifua. Aliyemuuguza zaidi ni jirani yetu, Mama Veneranda, mjane aliyekimbia kutoka Burundi na kulima kibarua kwenye mashamba ya watu. Yeye ndiye aliyekuwa anamletea kuni na kumpikia uji. Jumapili ya tatu ya ugonjwa wake Bibi akafariki.

Kesho yake baba yangu alisimama nyuma ya nyumba, akaonyesha kwa fimbo mahali pa kuchimba. Hapo ndipo nilipokumbuka. Naapa, katika kulia kwangu kote usiku ule sikuwa nimekumbuka. Ningeweza kumvuta baba pembeni nikamwambia, lakini nilichukua jembe. Nikaingia shimoni pamoja na vijana wengine, nikijipa moyo kwamba huenda imeshaoza.

Nyasi zilikuwa zimeoza. Majani yalikuwa yameshakuwa udongo mweusi mzuri. Kisha jembe langu mwenyewe likanasa, nikavuta, kikatoka kifurushi cha nailoni ya bluu chenye fundo. Kikafuata cheusi, kikafuata cha mistari. Vilikuwa vizima kabisa, mafundo yamekaza kama nilivyoyaacha. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini udongo uliokuwa chini ya vile vifurushi ulikuwa mkavu kama majivu ya jikoni.

Shangazi yangu alikuwa amesimama ukingoni. Alipoyaona yale mafundo alipiga yowe.

"Mama yangu amefungwa! Kuna mtu amemfungia mama yangu kaburini!"

Unaelewa alichodhani? Vifurushi vimefungwa mafundo, vimefukiwa mahali ambapo kila mtu anajua mama atalazwa, na mama amekufa. Waombolezaji wakaanza kunong'ona. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kumtazama Mama Veneranda. Mgeni. Mjane. Aliyekuwa anaingia nyumba ile kila siku na sufuria ya uji.

Mama Veneranda hakujitetea. Alirudi nyuma hatua moja, akakaza kanga yake, akainamisha kichwa. Nilimjua mama yule kuwa mtu wa maneno mengi, na ule ukimya wake ulinichoma. Alishakimbia nchi moja, na sasa nilikuwa namfukuza na kijijini kwetu kwa sababu niliona haya kubeba kikapu.

"Ni yangu," nilisema. Hakuna aliyesikia. Nikapaza sauti. "Baba, mifuko ni yangu! Ni ya sukari na sabuni. Bibi aliniambia niirudishe dukani, nikamdanganya, nikaifukia hapa."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo cha bibi yangu ndicho kilichoniumbua, nikiwa nimesimama ndani ya kaburi lake, udongo hadi kiunoni, ukoo mzima ukinitazama kutoka juu. Shangazi alinitukana, na alikuwa na haki. Mchungaji alifunga kitabu chake akasema tutasubiri.

Nikaanza kuokota kwa mikono. Nikiviweka ukingoni, upepo unavirudisha shimoni. Mama Veneranda akaondoka. Nilidhani amekwenda zake, na nisingemlaumu. Alirudi na kikapu cha Bibi, kile cha ukindu, akapiga magoti ukingoni akanishushia.

"Weka humu, mwanangu," alisema. "Bibi yako anasubiri kulala."

Basi siku ile nilikibeba kikapu, mbele ya watu wote. Kilijaa mara tatu.

Tulimlaza Bibi kwenye udongo safi jua likielekea kuzama. Jioni ile Shangazi alikwenda kwa Mama Veneranda kumwomba msamaha, na baba akanituma nimfuate nami nikaombe wangu. Mama yule alitupa kahawa ya kutafuna, kama mgeni mwema anavyopokewa kwetu, akatuuliza kama tumekula.

Ile mifuko niliirudisha kwa mwenye duka kwa baiskeli, kama nilivyoagizwa miaka miwili kabla. Mwenye duka aliniona nimerukwa na akili. Nilibakiza kifurushi kimoja, kile cha bluu, nacho kinaning'inia stoo kwangu hadi leo. Pale alipolala Bibi pana mgomba ambao mikungu yake hubebwa na watu wawili. Yeye ameshakuwa udongo, ameshatulisha. Fundo langu halijalegea.

Mwanangu, najua mifuko ile imekatazwa siku hizi, na wewe huiogopi kwa kuwa huioni tena. Lakini nimeona chupa za maji nyuma ya kiti cha pikipiki yako, na vile vikopo vya kunywea mara moja mlivyoviacha uani baada ya harusi. Kabla hujapokea kitu cha namna hiyo, jiulize kitafanya kazi muda gani, na kitakaa kwa nani baada ya hapo. Toka nyumbani na chombo chako: chupa ya maji, kikapu, ndoo ya maziwa. Muuza nyama akitaka kukufungia, mpe bakuli lako. Ukichekwa, chekwa; kicheko kinaisha kabla hujafika nyumbani. Na ukishakosea, usifukie. Sema siku hiyohiyo, maana ukinyamaza kosa lako litamtafuta mtu mwingine wa kulibeba, na mara nyingi humpata yule asiye na mtu wa kumtetea.

Kikapu cha Bibi kilichakaa, nikakirudisha kibanjani, na baada ya masika sikukiona tena. Hiki hapa nimekusukia mwenyewe, mishono yake ni ya mkono wa mzee, usiikague sana. Mungu akupe udongo unaopokea mbegu, akupe majirani wa mfano wa Mama Veneranda, na siku watoto wako watakapochimba ardhi yako, wakute udongo tu.