Utenzi wa Shangazi na Kitufe cha Kurudi

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu mbili na mia nne. Kibodi yenye herufi kubwa mia nane, na muuzaji alikuwa ameanzia elfu moja na mia tano mpaka nilipompa kisogo mara mbili. Chaja ya mtumba elfu moja na mia moja. Nauli mia tano, Changamwe hadi upande wa Likoni na kurudi, safari tano. Feri kwa mguu ni bure, kwa hivyo hiyo nimeihesabu kuwa faida. Kazi yangu sikuitia bei, maana mteja alikuwa shangazi yangu, na shangazi ukimtajia bei hukukumbusha ni nani aliyekutoboa masikio.

Mimi nauza na kutengeneza laptopu za mtumba Changamwe, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya duka la vipuri vya lori na mama wa chapati. Shangazi ndiye mtunzi wa tenzi za harusi katika ukoo wetu. Siku ya kupamba, wanawake wakishakaa na bibi harusi akishawekwa mbele, yeye husimama akatia sauti, akazitaja nyumba mbili zinazooana: ubeti huku, ubeti kule, hakuna anayezidishiwa. Ubeti ukiwaingia, wasikilizaji hupiga kelele, "Rudia!" Hapo lazima arudie ule ule, si jirani yake. Akiteleza akarudia wa upande mwingine, kuna watu watakula biriani yako na kuondoka bila kukuaga.

Safari hii aliyekuwa akiolewa ni mjukuu wake mwenyewe, na shangazi alikuwa hasomi tena. Mtoto wa jicho amemshika macho yote mawili. Utenzi ulikuwa mrefu kuliko alivyoweza kuubeba kichwani, na karatasi kwake ilikuwa ukungu. Binti yake, yaani binamu yangu, mama wa bibi harusi, alikuwa ameshaamua: atakodi mwimbaji, utenzi urekodiwe kwa simu, upigwe kwa spika.

"Mama, hata mimi wanijua kwa sauti tu," alisema.

"Wewe nakujua kwa makelele," shangazi akamjibu. "Mimi sijafa nikasomewa. Na watu wakisema rudia, hiyo spika yenu itaitika abee?"

Nilikuwa nimekuja kusalimia tu. Nilipomwamkia shangazi hakuniitikia marahaba kama kawaida yake. Alinishika mkono akauliza kama lile dude langu haliwezi kuandika herufi kubwa. Mwanamke aliyezoea kumwambia kila mtu la kufanya alikuwa ananiomba. Nikaanza kupatana na binamu yangu kwa niaba yake. Binamu alitaka ajaribu mara moja; akikosea, mwimbaji aitwe. Mimi nikataja mara nne. Tulipofika mbili nikajifanya nimeumia.

Programu za kawaida za kuandikia zilimshinda, kwa sababu ule weupe wa skrini ulimchoma macho. Lakini kila kompyuta ina lile dirisha jeusi la mafundi, la kuandikia amri, halina picha wala mapambo. Nililipanua likajaa skrini nzima, nikatia herufi nyeupe, nikazikuza mpaka kila moja ikawa kama kifungo cha koti. Shangazi aliinama, akasoma kwa sauti neno la kwanza lililokuwa pale. Lilikuwa onyo la betri. Alilisoma kwa mahadhi.

Basi nikakaa naye akawa ananitajia utenzi nami naupiga chapa. Yeye huandika ubeti mzima kwenye mstari mmoja mrefu, vipande vinne vimetengwa kwa nyota, kama alivyofunzwa na mamake, nami sikubadili kitu. Kisha nikaandika programu ndogo ya kuusomea humo kwenye dirisha jeusi: kitufe kimoja cha kwenda mbele, kimoja cha kurudi.

Kwenda mbele kulikuwa rahisi. Kwa herufi zile skrini ilikuwa na safu nane tu, na mstari mmoja wa shangazi ulikatika ukawa safu nne, wakati mwingine tano. Programu ilimwaga maneno mpaka skrini ikajaa, kisha ikaendelea pale ilipoishia. Kwenye kurudi ndiko nilikofanya haraka ya muuza duka anayetaka kufunga. Skrini ina safu nane, nikasema moyoni, basi irudi mistari minane.

Jaribio la kwanza lilifanyika sebuleni kwa binamu yangu. Shangazi alikaa wima, akasoma vizuri mno, mpaka akafika kwenye ubeti wa nyanya wa bwana harusi, wa Kisauni. Binamu akapiga makofi. "Rudia!"

Shangazi akabonyeza, akavuta pumzi, akaachia kwa sauti yote ubeti wa kakake mwenyewe aliyetoa ng'ombe. Alikwenda vipande vitatu kabla ya kushtuka.

"Mbona lanipeleka kwa kakangu? Kakangu nilishamalizana naye!"

"Sasa kakako katajwa mara mbili na wa Kisauni wameachwa kwenye mataa," binamu alisema. "Hii harusi, au twaenda kutangaza vita?"

"Si mimi, ni dude la nduguyo huyu. Nimempa utenzi, yeye kanirudishia karata zilizochanganywa."

Niliondoka pale nimebakiwa na jaribio moja. Kibandani nikahesabu: shangazi alikuwa amesoma beti mbili kwenye skrini ile, programu ikamrudisha nyuma beti nane. Nikahesabu mara ya pili kwa matumaini kwamba mara ya kwanza sikuona vizuri. Nane. Nje malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida yao, na nikaona upumbavu wangu pale barabarani. Lori moja lina kichwa na tela, pengine na tela la pili, lakini dereva ni mmoja. Mimi nilikuwa nimehesabu matela nikaita madereva.

Nikaifundisha programu kuweka kumbukumbu. Kila inapochora skrini, ijue kila safu imebeba ubeti upi na imeanzia herufi gani ya ubeti huo. Ikiambiwa irudi, irudi kwa safu, moja moja, kwa kufuata kumbukumbu hiyo, isibahatishe. Nikajaribu mwenyewe mbele na nyuma mpaka mama wa chapati akauliza kama nimeanza kuzikariri.

Nikavuka feri na furaha yangu. Shangazi alikuwa ameketi karibu na dirisha, jua limeingia, akalalamika herufi ni ndogo. Nikamwonyesha jinsi ya kuzikuza. Zikakua, skrini ikabaki na safu sita, akabonyeza kurudi, akasoma silabi mbili tu.

"Hapa nimeangukia katikati ya neno," alisema. "Hata abiria hushushwa stejini, mwanangu."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Kumbukumbu zote nilizoweka zilikuwa za safu nane, na safu nane hazikuwepo tena. Sikuenda nyumbani. Niliketi palepale mkekani, shangazi akaniletea chai na mahamri, nikazifuta zote. Nilibakisha jambo moja tu: ni herufi gani, ya ubeti upi, iliyokaa juu kabisa ya skrini. Herufi zikikuzwa au zikipunguzwa, hiyo haiondoki juu. Mengine yote yakatwe upya kuanzia hapo. Nikabonyeza kukuza, kurudi, kupunguza, kurudi. Ubeti ulikaa mahali pake kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.

Jaribio la pili binamu yangu hakutuonea huruma. Alisema rudia kwenye kila ubeti, hata ule ambao haukuwa na utamu. Shangazi alirudi kila mara pale alipoitwa. Mwishoni binamu alifunga simu aliyokuwa ameishika, ile yenye namba ya mwimbaji, akasema, "Haya. Lakini uvae miwani, upendeze."

Siku ya kupamba, Likoni, laptopu iliwekwa juu ya meza ya nguo ya kijani, nami nyuma yake nikijifanya mlinzi wa waya. Ulipofika ubeti wa nyanya wa Kisauni, upande wa bwana harusi wakasimama. Rudia! Shangazi akarudi. Rudia! Akarudi tena, na safari hii mwenyewe yule nyanya alikuwa analia na kucheka. Wetu nao hawakukubali kushindwa wakadai wa kwao. Sikuweza kusikia vitufe kwa vigelegele. Shangazi alisoma hadi ubeti wa mwisho, kwa mdomo wake.

Sasa wale wa Kisauni wana harusi yao na wamemwomba awatungie, na hospitali imempa miadi ya jicho la kwanza, ila harusi iko mbele ya miadi. Ameshaanza kutunga. Herufi lakini zimezidi kukua: skrini imebaki na safu nne, na hata ubeti mmoja hautoshi humo. Tena nimegundua kwamba akikuza katikati ya kusoma, kilicho juu hubaki, lakini yeye huwa yuko chini, na alichokuwa akikisoma husukumwa nje ya skrini. Programu haijui jicho lake liko safu gani. Nilifikiria kushika safu ya katikati badala ya ya juu; nikafikiria kushika mwanzo wa ubeti, hata akose mwisho wake. Zote mbili nimezijaribu mara mbili na kila moja ina ubaya wake. Wewe uliyewahi kumsaidia kusoma mtu mwenye macho kama ya shangazi, niambie: herufi zikikua, nishikilie wapi?