Kamba Yangu Iliyo Nyuma ya Kioo

Mwalimu Mkuu wa kituo chetu alichukua kamba yangu, akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika ukutani ofisini kwake, na chini yake akaandika kwamba ameibuni yeye. Huo ndio ubaya alionitendea. Nimeutaja mwanzoni ili mtu asiseme nazungusha maneno.

Mimi ni mlezi. Kituo chetu kinapokea watoto tangu wanapoanza kusimama hadi wanapokaribia miaka minne. Wazazi huwaacha asubuhi wakienda kazini na kuwachukua jioni. Nina miaka kumi na sita hapo. Shule sikwenda, nyumbani tulizaliwa wengi, na mimi ndiye niliyebaki na wadogo zangu mgongoni. Herufi nilizijua ukubwani, kwa kuzifuta. Zimechorwa kwenye ukuta wa chumba cha watoto, kubwa kama sahani, na kila jioni nafuta alama za vidole vyenye maziwa juu yake. Kwa miaka yote hiyo hata kitambaa changu kingeshajua kusoma. Nasoma polepole, lakini nasoma.

Kamba yenyewe ni ya kuanikia nguo, ya kawaida kabisa. Ncha moja ina fundo kubwa. Hilo hukaa sakafuni, kwenye kisigino cha mtoto. Siku mtoto anapoletwa namsimamisha kwenye nguzo ya mlango, navuta kamba hadi utosini, nafunga fundo, na kwenye fundo natia kitambaa cha rangi yake. Kila mwezi nafungua na kupima upya. Watu hudhani ni pambo. Mtoto mdogo akiinua mkono, vidole vinapita utosi kidogo tu, kwa hiyo nikijua utosi nimejua na mkono. Kwa kamba hiyo najua nani wiki hii atafika ukingo wa meza ya jikoni, nani atafika kitasa cha mlango wa nje. Mtoto hakwambii kwamba amekua, unamkuta tu ameshika mpini wa sufuria. Fundo likikaribia kitasa, namwandama fundi mpaka apandishe komeo. Miaka kumi na sita, hakuna mtoto aliyeungua mikononi mwangu, wala aliyetoka nje akapotea. Hilo ndilo lingefaa kutiwa kwenye fremu.

Basi mwaka jana ikaja safari ya watoto. Hufanyika mara moja kwa mwaka. Mwalimu Mkuu alituita ofisini, mimi na mpishi, akapeperusha karatasi yenye picha za rangi.

"Tunakwenda bustani kubwa ya michezo," akasema. "Ina michezo arobaini! Kuna gurudumu linalopanda juu kuliko majengo, mashua zinazoporomoka majini, treni inayopinduka kichwa chini."

"Watapanda nini?" nikauliza.

"Si nimekutajia? Arobaini."

"Mtoto wa mwaka na nusu, Mwalimu, katika hiyo arobaini atapanda upi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama kiti kilichosema neno. "Mama, haya ni mambo ya mipango. Wewe tuwekee nepi za kutosha."

Mpishi ni binti mdogo kwangu, mwenye mdomo usio na mlango. Tulipotoka akaniambia, "Dada, mimi hiyo treni imenitapisha kwenye picha tu. Sasa yule mtoto wetu Bonge akipinduliwa na ile shibe yake?"

Nilicheka, lakini jambo lile halikunitoka. Nilikuwa na watoto kumi na mmoja. Niliwaona akilini wamesimama kwenye uzio, vidole ndani ya nyavu, wakiangalia watoto wa watu wakicheza siku nzima. Mtoto wa umri huo huwezi kumwambia subiri ukue. Yeye anajua sasa tu.

Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nikajifunga kamba kiunoni nikaenda na mpishi kwenye hiyo bustani kubwa. Kwenye lango la kila mchezo alisimama dubu wa mbao, mkono ameunyoosha. Anayepita chini ya ule mkono bila kuugusa haruhusiwi kupanda. Nikafungua kamba, nikaweka fundo la kisigino chini, nikavuta hadi mkono wa dubu. Mafundo tisa yalikuwa chini ya mkono. Mawili tu yalipita, na moja lilipita kwa upana wa ukucha. Nikaenda kwa dubu wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote walikuwa na mkono uleule. Nikatoa uzi mwekundu, nikaufunga kwenye kamba palepale mkono ulipofika.

Kisha nikapiga magoti. Hivyo ndivyo ninavyokagua mahali. Nikitaka kujua mtoto ataona nini, nashuka hadi ulipo uso wake. Nilitembea kwa magoti kutoka lango la kwanza hadi kwenye mashua. Kwa urefu ule, bustani nzima ni miguu ya watu na mapipa ya taka, na spika za muziki zimewekwa usawa wa sikio.

Mlinzi akanijia mbio. "Mama, umedondosha kitu?"

"Sijadondosha."

"Basi unaumwa?"

Mpishi akadakia, "Haumwi, kaka. Leo ana miaka miwili. Usimkanyage."

Yule mlinzi alicheka mpaka akavua kofia. Mwishowe akatuambia maneno ya maana. "Wenye vichanga hawaji huku. Wanakwenda kule nyuma ya karakana ya matairi."

Tukaenda. Huko kuna bustani ndogo, ukiiona kwa nje utapita bila kugeuka. Lango lake ni moja, tena lina komeo la juu. Ndani kuna uwanja wa mchanga wenye kivuli, farasi wa mbao wanaozunguka taratibu, na treni ndogo inayokwenda kwa mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni. Dubu hakuna. Mlezi anaruhusiwa kukaa na mtoto kwenye kiti kimoja. Bomba la kunawia lilinifika gotini. Nikahesabu hatua kutoka mchangani hadi chooni, zikawa ishirini na mbili. Mtoto akishakwambia amebanwa anakupa hatua thelathini, hazidi. Pembeni kulikuwa na banda lenye mikeka, maana mwenye bustani, mzee mmoja mwenye mafuta ya mashine mikononi, alikuwa anajua kwamba saa sita mtoto hulala hata ukimletea mwezi.

Nikamwuliza, "Mzee, michezo yako ni mingapi?"

"Mitano," akasema, "na mmoja umeharibika."

Nikamwambia inatosha.

Jumatatu nilimweleza Mwalimu Mkuu yote. Hakuinua kichwa. Alisema wazazi hawawezi kuambiwa watoto wao wanapelekwa nyuma ya karakana, kituo kitachekwa, na mkutano wa wazazi ni Ijumaa, mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Ijumaa, wazazi wakiwa wamejaa kwenye chumba cha watoto, wamekaa kwenye vile viti vidogo magoti yamefika kidevuni, Mwalimu Mkuu alitaja michezo arobaini na wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na watoto. Makofi yalipokoma nikafunga utepe kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine, kwa urefu wa uzi mwekundu.

"Mama, unafanya nini?" akauliza Mwalimu Mkuu.

Sikuwahi kusema mbele ya watu wazima zaidi ya watatu. Nilijua nikikosea sitasikilizwa tena, na watoto watakwenda kusimama uzioni. Nikasema, "Huu ni mkono wa dubu wa kule bustani kubwa. Anayepita chini yake hapandi kitu."

Nikawapitisha mmoja mmoja. Bonge akapita akitafuna. Yule tunayemwita Bibi Harusi, kwa sababu hutembea kama anayesindikizwa, akapita taratibu kichwa juu, utepe haukumgusa hata unywele. Walipita tisa hivyo hivyo. Ngazi, mrefu wetu, akagonga utepe kwa paji la uso akaanza kucheka. Wa mwisho alikuwa mmoja wa pacha wetu, ambao nao nilikuwa nawajua fundo kwa fundo. Mwenzake alikuwa ameshapita chini mapema, kati ya wale tisa. Huyu utepe ukamkwama kwenye nywele.

Baba Pacha, mtu mpole anayeshona viatu, akasimama na kale kakiti kamemng'ang'ania nyuma.

"Ngoja kwanza," akasema. "Yaani huyu apande, huyu abaki analia?"

"Ndiyo, baba."

"Nyumbani nikimpa mmoja kijiko chekundu na mwingine cha bluu, ni vita hadi jioni! Nani amechagua mahali hapa?"

Mama mmoja akauliza kama kuna pengine, na nikawaeleza yale yote, mchanga, komeo, hatua ishirini na mbili, mikeka. Nilisema kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusema maishani. Nilipomaliza, Baba Pacha akasema, "Mimi wangu wanakwenda nyuma ya karakana," na mikono yote ikainuka. Wa Mwalimu Mkuu uliinuka mwishoni.

Siku ya safari sitaisahau. Kumi na mmoja walipanda farasi, kumi na mmoja walipanda treni. Bibi Harusi, ambaye tangu aletwe hakuwahi kuniachia sketi, aliiachia. Alikwenda peke yake hadi mchangani, akakaa, akanigeuzia mgongo. Nilisimama pale na sketi yangu iliyokunjamana na nikajiona mkubwa kuliko lile gurudumu lao. Saa sita wakalala wote kwenye mikeka. Mzee wa mashine alizima treni yake bila kuombwa. Mpishi akaninong'oneza, "Dada, leo hata mimi ningekuwa na fundo kwenye kamba yako." Jioni hatukurudi na mtoto anayelia hata mmoja.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu akaniomba kamba. "Niazime siku mbili, nataka kuipiga picha." Nikampa. Siku mbili zikawa tatu, zikawa mwezi. Nikanunua kamba nyingine, maana watoto hawaachi kukua kwa kumsubiri mtu apige picha. Kisha wakaanza kuja wageni, walimu wakuu wa vituo vingine, wakiongozwa ofisini, na mimi natumwa kuwapelekea maji.

Siku moja kabla ya wageni niliambiwa nifute vioo. Ndipo nikaikuta kamba yangu. Chini yake kuna karatasi nyeupe. Nilisimama na kitambaa mkononi, nikasoma herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: Kipimo cha Usalama wa Mtoto. Kimebuniwa na Mwalimu Mkuu. Halafu jina lake lote, hadi la babu yake.

Mwenyewe akaingia. Nikampa nafasi. "Mwalimu, hapa pameandikwa nini?"

"Aa, ni maelezo tu, mama. Mambo ya kitaalamu."

"Nimeyasoma."

Akashika kiti. "Wewe unasoma?"

"Nasoma."

Akafungua droo, akaifunga, akaifungua tena. Mwisho akasema, "Tutarekebisha."

Sasa ni mwezi wa saba tangu aseme hivyo. Wageni wanakuja, naleta maji, karatasi iko palepale. Jambo moja tu hunifariji: kamba ameitundika kichwa chini, fundo la kisigino liko juu. Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza Mwalimu Mkuu mtoto anasimama upande gani, naye akakohoa, akamwonyesha dirisha na kumwambia atazame maua. Mimi niliweka glasi mezani nikatoka. Mpishi alikuwa mlangoni, akajiziba mdomo kwa aproni.

Watoto wa mwaka jana wengine wameondoka. Ngazi yuko shule ya awali. Bibi Harusi siku hizi mkono wake unafika pale komeo lilipokuwa, nami nimeshalipandisha. Wapya wanne wameingia na mafundo yao yapo kwenye kamba mpya. Safari ya mwaka huu wazazi waliniuliza mimi kwanza. Baba Pacha alikuja hadi jikoni kuniuliza.

Kamba ile simdai, abaki nayo. Ninachomdai Mwalimu Mkuu ni hiki: aing'oe karatasi ile, aandike nyingine yenye jina langu, aisome kwa sauti mbele ya wazazi walewale, ndani ya chumba kilekile, amekaa au amesimama apendavyo. Na akishamaliza, aigeuze kamba, fundo kubwa liende chini.