Ugwe wa Keekee ya Fundi Yunusi

Serikali ya Mdachi iliwapenda mno watu wa Ifakara, asikudanganye mtu. Iliwapa shamba la pamba walilime wote kwa pamoja, kisha ikawaondolea hata usumbufu wa kugawana mavuno. Tena ikawapa Akida Zubeiri, mtu wa pwani, awasimamie, na Akida hakutoka nje bila mjeledi wa ngozi ya kiboko kiunoni, mapenzi yenyewe yasije yakasahaulika.

Fundi Yunusi alikuwa amesamehewa pamba. Si kwa huruma! Mji mzima ni yeye peke yake aliyekuwa na keekee, kile chombo cha kutobolea mbao: kijiti chenye ncha ya chuma, kinachozungushwa kwa ugwe uliofungwa kwenye uta. Mkono mmoja unabana kijiti kwa kifuu cha nazi, mwingine unavuta uta mbele na nyuma, na mgongo ndio unaobeba kazi yote. Mitumbwi ya bonde lile ikipasuka, hushonwa kama nguo, na pasipo matundu hakuna kushona.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, mwaka ule wa 1905, mtumbwi mkubwa wa kivuko ulipasuka ubavuni. Akida ndiye aliyekuwa ameupakia marobota ya pamba mpaka wapiga kasia wakakosa pa kukaa. Mwenye kosa akawa nani? Mtumbwi, bila shaka. Basi Akida akaja mbio kwa Yunusi.

"Fundi, Ijumaa Bwana Mkubwa anafika kutoka boma la Mahenge, na atavuka kwa mtumbwi huu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Au sivyo?"

"Ndivyo, Bwana Akida. Ila..."

"Usipoelea, utalala kifudifudi. Hamsa ishirini."

Viboko ishirini na vitano. Mwaka uliopita Yunusi alikuwa amemwona jirani yake Hilari akitolewa kwenye hamsa ishirini, na hadi leo Hilari alikuwa hainui jembe likapita bega. Fundi wa keekee asiye na mgongo ni fundi gani? Aliogopa, wala hakumficha mkewe.

Tatizo lilikuwa ugwe. Ulikuwa umechakaa hadi umebaki nyuzinyuzi, una mafundo matatu, na kila fundo likifika kwenye kijiti, keekee inaruka kama chura. Chiku, mkewe, alisokota kamba ya magome. Ikaungua kwa msuguano kwenye tundu la pili. Akajaribu ngozi ya mbuzi. Ikavutika, ikalegea, kijiti kikagoma kuzunguka. Ng'ombe hawakuwapo, mbung'o walikwisha kuwamaliza. Askari mmoja akashauri wasokote pamba ya serikali, hiyo inayoliliwa na dunia nzima. Ilikatika kabla tundu la kwanza halijatokea upande wa pili.

"Baba Kudra, acha kuhangaika," Chiku alisema. "Kazi hii inataka ngozi ya kiboko, na wewe unajua."

Kujua alijua. Babu za Wandamba, wavuvi wa bonde lile, waliwinda viboko katika mto ule wa kivuko tangu enzi na enzi, na ugwe wa ngozi ya kiboko hudumu miaka. Lakini serikali, kwa upole wake, ilikuwa imeamuru kwamba mnyama asiguswe bila cheti, na cheti kilitolewa Mahenge, mwendo wa siku kadhaa, kwa mwenye fedha. Kwa hiyo fundi aliamriwa atoboe, na akakatazwa kitu cha kutobolea. Ndiyo akili za wakubwa hizo, sisi wadogo tutaziweza wapi?

Yunusi alikaa akifikiri. Ghafla akacheka, peke yake, mpaka Chiku akaingiwa na wasiwasi. Ngozi halali ya kiboko ilikuwapo moja tu Ifakara nzima, nayo ilikuwa inaning'inia kiunoni mwa Akida! Akiipata, mtumbwi utapona. Na mjeledi ukishachanwa, atachapwa kwa kitu gani? Alijiona mwerevu kuliko sungura.

Jumanne asubuhi alipiga hodi kwa Akida, akaeleza shida yake kwa unyenyekevu wote. Akida alifoka, akamwita mwehu. Kisha akajirudi, maana Bwana Mkubwa naye alikuwa na hesabu yake na maakida, na mwenzake mmoja alikuwa amevuliwa kazi kwa jambo dogo kuliko mtumbwi. Alifungua mkanda polepole, uso umemkunjamana, akatoa mjeledi.

Ngozi ililowekwa mtungini mpaka ikalainika. Yunusi aliichana kwa kisu kikali, uzi mmoja mrefu usio na kiungo, akaukuna kwa kigae, akaupaka mafuta ya mbarika, akaunyoosha juani kwa jiwe zito. Chiku alisema hajapata kuona ugwe mzuri vile. Alhamisi nzima keekee iliimba. Matundu thelathini na sita, hata moja halikwenda upande! Mtumbwi ukashonwa, ukatiwa kalafati, na Ijumaa ukaelea mkavu kabisa.

Bwana Mkubwa alivuka bila kulowa kiatu, Yunusi naye akiwa ndani na keekee yake, mshono usije ukafumuka njiani. Alipofika ng'ambo aliona wapiga kasia wamechelewa kuteremsha sanduku lake, akamwashiria Akida awachape. Mkono wa Akida ukaenda kiunoni, ukapapasa, ukabaki hapohapo.

"Mjeledi wa serikali uko wapi?"

Yunusi alimtazama Akida. Naam, mtu aliutoa kwa mkono wake mwenyewe, atasema.

"Fundi ameuharibu, Bwana, kaufanya ugwe wa keekee yake," Akida alisema. "Nilimwazima tu aushike."

Kuharibu mali ya serikali: hamsa ishirini. Yunusi, maskini, bado alikuwa na tumaini. Akasema kwa heshima kwamba mjeledi mwingine haupo. Bwana Mkubwa akainua keekee, akaigeuzageuza, akaamuru askari afungue ugwe kwenye uta na aukunje mara mbili.

Aliyepigwa kwa kamba nyembamba iliyopakwa mafuta ndiye anayejua. Mjeledi mnene ni rehema. Yunusi alihesabu. Kwenye kumi aliomba ugwe ukatike. Kwenye kumi na nane alimwomba Mungu amsamehe kwa kuwa fundi hodari, maana hakuwahi kutamani kazi yake iwe mbovu ila siku hiyo. Haukukatika. Haukuchanika hata ukingoni.

Walipomaliza, Bwana Mkubwa aliuvuta ugwe kati ya vidole vyake, akaupima, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi nzuri, fundi," akasema.

Ni sifa pekee aliyowahi kupewa na serikali ile, na aliipokea uso ukiwa mchangani.

Siku zote Yunusi alikuwa akisema vita ni vya watu wasio na ufundi. Mwezi uliofuata Wambunga walipoinuka kupigana na Mdachi, wakapita mlangoni kwake wakiwa na mikuki, alikuwa bado anatembea ameinama. Hakuwauliza wanakwenda wapi. Alimwambia Chiku amfungie chakula, akaingia kwenye mstari.