Friji la Mwanapili

Mwanapili, jirani yangu hapa Kibuyuni, ni mkulima wa mwani na ana friji lenye stika ya tausi mlangoni. Liliungua zamani, siku stima iliporudi kwa kishindo, na tangu hapo anatia leso zake humo. Lakini ukimwuliza, atakwambia ni friji. Haya.

Basi akaja Hesbon, kijana wa mradi wa umeme, na kompyuta yake. Anapita nyumba kwa nyumba kuuliza kila mtu anatumia umeme kiasi gani, kompyuta ijumlishe, ibashiri miaka ijayo, kisha iseme ni kijiji gani kianze kupewa mtambo wa jua na mashine ya kukaushia mwani. Mwanapili aliitaka mashine hiyo mpaka akiiota. Masika yalikuwa yamemwozeshea mwani wote, akalia mbele yangu.

Lakini mgeni aje akute nyumba tupu? Aibu iliyoje! Kwetu harusini tunaazimana vyombo, seuze mtu wa kompyuta. Kila Hesbon alipokawizwa kwa chai na mahamri nyumba hii, friji lilikuwa likipita uani kwa mkokoteni kwenda nyumba ya pili. Akiuliza mbona haliungurumi, anaambiwa stima imepotea.

"Watu wa hapa mnapenda tausi," akasema tu, akaandika.

Mkutano ukaitwa. Akawasha kompyuta, na kwenye ramani Kibuyuni ikawaka kuliko hoteli za Diani.

"Hongereni, mama zangu! Kila nyumba ina friji. Kompyuta inasema mnajiweza, mashine ianze kwingine. Nyinyi mngoje mpaka 2040."

Nikamfinya Mwanapili. "Mficha maradhi, shoga, kifo humwumbua."

"Nyamaza wewe! Kwako si lilikaa mpaka ukalitandikia kitambaa?"

Kisha akasimama, machozi yakimlenga. "Mwanangu Hesbon, friji ni moja. Ni langu. Nalo ni kabati."

Hesbon hakuamini, ikabidi tuandamane hadi kwake. Mwanapili akalifungua: leso zimekunjwa, udi unanukia. Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Akafuta mafriji yote, kompyuta ikahesabu upya, na Kibuyuni ikawa ya kwanza. Vigelegele hivyo, wallahi, hata Shimoni walisikia.

"Na friji lako, mama," akasema Hesbon, "nitakuletea fundi alitengeneze."

"Thubutu!" Mwanapili akalikumbatia. "Leso zangu zikalale wapi?"